Kuchagua seti ya waya za amplifaya ya gari ukiwa na pesa kidogo

Oktoba iliyopita, jioni, kijana mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliniletea IST yake. Sabufa inapiga dakika kumi kisha inakata, na taa za mbele zinafifia kila besi inapoingia. Alikuwa ameshaambiwa anunue betri mpya. Nikafungua boneti. Kikasha cha fyuzi kilichokuwa karibu na betri kilikuwa kimeinama upande mmoja kama mshumaa uliosahaulika juani, plastiki imegandana na waya, lakini fyuzi yenyewe ilikuwa nzima, haijakatika. Nikakata kipande cha waya mwekundu, nikakichuna ganda kwa wembe na kumwekea kiganjani. Kwa nje waya ule ulikuwa mnene karibu sawa na kidole changu kidogo. Ndani kulikuwa na kitita chembamba kuliko mrija wa soda. Nikachomoa unyuzi mmoja, nikaukwaruza kwa ncha ya wembe: wekundu ukatoka, chini yake pakabaki weupe. Betri yake haikuwa na tatizo lolote.

Kununua seti ya bei nafuu si kosa. Nimefunga nyingi na magari yake bado yanapiga muziki vizuri. Kosa ni kununua kwa kutazama boksi linavyong'aa na wati zilizoandikwa juu yake. Waya wa amplifaya hununuliwa kwa ampia (wingi wa umeme unaopita) na kwa uzito wa shaba, na vyote viwili unaweza kuvipima mwenyewe kabla hujatoa hela mfukoni.

Hatua ya 1: Soma fyuzi za amplifaya

Geuza amplifaya, tazama upande unapoingia waya mkubwa. Amplifaya nyingi zina fyuzi za plastiki zilizochomekwa hapo, kila moja na namba yake: 20, 25, 30. Zijumlishe. Mbili za 25 ni ampia 50, basi. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, iandike kwenye simu.

Boksi linaweza kuwa limeandikwa wati 3000. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni kama volti 13.8. Zidisha na ampia 50, unapata wati 690 zinazoingia kwenye amplifaya. Kinachotoka kwenda kwenye spika ni pungufu ya hapo: amplifaya za besi za daraja D ("Class D", aina ya saketi ya ndani) hutoa kama asilimia 80 ya kilichoingia, yaani wati 550 hivi, na zile za daraja AB hutoa zaidi kidogo ya nusu. Zile 3000 hazimo humo. Ndiyo maana huwa nasikitika nikimwona mtu ananunua seti iliyoandikwa "wati 3000" kwa sababu tu namba inafanana na ya kwenye amplifaya.

Kama amplifaya yako haina fyuzi mwilini, tafuta kwenye kitabu chake wati zilizoandikwa RMS (zile inazotoa mfululizo), jumlisha za chaneli zote, kisha gawanya kwa 11 ikiwa ni daraja D au kwa 8 ikiwa ni AB. Wati 500 za daraja D zitakupa ampia 45 hivi.

Hatua ya 2: Pima njia kwa kamba

Chukua kamba ya katani, anzia kwenye betri, ipitishe pale waya utakapopita kweli: pembeni ya injini, kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na dashibodi, chini ya kapeti, hadi amplifaya itakapokaa. Ongeza nusu mita. Seti nyingi huja na waya mwekundu wa mita 5 na mweusi wa kama mita 1. Kwa IST au Vitz hutosha. Kwa Probox yenye amplifaya nyuma kabisa, au Noah, pima kwanza. Waya uliokosa sentimita 40 ukaungwa katikati kwa tepu ni ugonjwa uliojinunulia.

Hatua ya 3: Chagua unene

Dukani unene huitwa geji, na namba ikipungua waya unaongezeka. Seti za kawaida ni geji 8, geji 4 na geji 0. Kwa milimita za mraba, geji 8 halisi ina kama 8.4, geji 4 ina 21. Ukiona kwenye ganda pameandikwa milimita za mraba, ziamini zaidi kuliko neno "geji", kwa sababu herufi "GA" peke yake watengenezaji wengine huzichapa kwenye waya wowote ule.

Hapa naomba tukae kidogo na hesabu, maana ndipo pesa ya watu inapopotea. Tuchukue zile ampia 50 na mita 5 za waya. Ukitumia geji 8 ya shaba tupu, volti 0.5 hivi zinapotea njiani. Ukitumia geji 8 ya aluminiamu iliyopakwa shaba, zinapotea volti 0.8. Zidisha hizo 0.8 kwa ampia 50: wati 40. Ni joto la balbu ya zamani ya wati 40 umelilaza chini ya kapeti ya gari lako, na hapo ni kama waya ni geji 8 ya kweli. Ukiwa na nusu ya milimita za mraba zinazotakiwa, joto linakuwa mara mbili. Weka juu yake jua la Dodoma la Oktoba na Novemba, gari limeegeshwa kutwa nje, halafu fikiria lile ganda la plastiki linajisikiaje. Kwa geji 4 ya shaba, kinachopotea ni volti 0.2 tu.

Mipaka ninayoifuata mwenyewe kwa mita 5 ni hii. Shaba tupu ya geji 8, hadi ampia 50, nikijikaza 60. Aluminiamu iliyopakwa shaba ya geji 8, isizidi 40. Shaba ya geji 4, ampia 100. Aluminiamu ya geji 4, naishia 80. Kwa maneno mengine, ukikosa shaba, panda saizi moja juu. Seti ya aluminiamu ya geji 4 iliyo ya kweli inafanya kazi nzuri kuliko geji 8 ya shaba kwa amplifaya ya ampia 50, na mara nyingi bei yake haitishi. Waya wa aluminiamu nimeufunga mara nyingi na sina ugomvi nao, mradi mtu ajue alichokinunua.

Hatua ya 4: Ijue shaba kwa mkono, mizani na wembe

Kwenye boksi tafuta herufi. OFC maana yake ni shaba tupu. CCA maana yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba kwa nje. Boksi lisiloandika chochote kuhusu madini, lihesabu kuwa CCA, hutakosea sana. Na lililoandika OFC bado lipime.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni mizani. Shaba ni nzito: sentimita moja ya ujazo ina karibu gramu 9, ilhali ya aluminiamu iliyopakwa shaba haifiki 4. Mita 5 za geji 4 ya shaba zina kama gramu 940 za shaba peke yake, ganda bado. Kwa hiyo omba uchukue seti hadi kwa mangi wa jirani anayepima mchele na sukari, uiweke kwenye mizani. Seti nzima, pamoja na boksi, fyuzi na waya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya), ikisoma chini ya kilo moja huku imeandikwa "geji 4, shaba tupu", rudisha kwa adabu. Kwa geji 8, shaba ya mita 5 ni kama gramu 380. Muuzaji mkweli hatakukatalia dakika mbili za kupima. Anayekukatalia umeshajua.

Kipimo cha pili ni jicho. Kwenye ncha ya waya, ganda likirudishwa nyuma, sokota nyuzi ziwe kitita kimoja kilichobana. Geji 4 inakaribia unene wa penseli. Geji 8 ni upana wa njiti mbili za kiberiti zilizolala pamoja. Ganda nene lisikudanganye, plastiki ni rahisi kuliko shaba.

Cha tatu ni wembe, kama nilivyomfanyia yule kijana. Kwaruza unyuzi mmoja. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu. Angalizo moja: zipo nyaya nzuri za shaba zilizopakwa bati (madini ya tin), nje zinaonekana nyeupe lakini ukikwaruza ndani ni nyekundu. Hizo zinahimili kutu vizuri sana, usizikimbie.

Ukibaki na shaka, shika unyuzi mmoja kwa plaizi, toka nje mbali na mafuta na gari lolote, uweke kwenye ncha ya mwali wa kiberiti cha gesi. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, shaba hadi 1085. Unyuzi wa aluminiamu utalegea na kukatika au kujikunja kijidonge, wa shaba utawaka wekundu na kubaki umesimama.

Hatua ya 5: Kikasha cha fyuzi

Hapa ndipo seti rahisi zinapoangusha watu hata zikiwa na waya mzuri. Kwanza elewa kazi ya fyuzi hii: inalinda waya na gari, si amplifaya. Waya mwekundu ukikwanguliwa na bati mahali fulani, umeme wote wa betri unapita hapo, na fyuzi ndiyo inayozuia gari kuungua. Kwa hiyo ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Fyuzi iliyowekwa kwenye buti jirani na amplifaya inauacha waya mzima uliopita mbele yake bila ulinzi.

Namba ya fyuzi ifuate jumla uliyoiandika kwenye simu, na isivuke kile waya unachoweza kubeba. Seti nyingi za geji 8 huja na fyuzi ya 60 hata kama waya wenyewe ni CCA. Ibadilishe uweke 40. Kama amplifaya yako inataka zaidi ya 40, ujue waya ule haukufai. Ukiiongeza fyuzi ili isikatike, hapo umeiondoa ulinzi wake.

Sasa umbo. Kuna fyuzi ya kioo kama kidonge kirefu, inayobanwa na vishikio vya chemchemi. Kuna fyuzi bapa inayofungwa kwa skrubu au nati pande zote mbili. Chukua bapa. Ile ya kioo inategemea nguvu ya chemchemi, na gari linalopita barabara za vumbi za Chemba au Mpwapwa linatikisika kutwa. Mguso ukilegea, joto linaanza pale pale kwenye mguso, huku umeme unaopita haujavuka namba ya fyuzi. Matokeo ni yale ya IST ya Nkuhungu: plastiki imeyeyuka, fyuzi nzima. Mwenye gari anahangaika na betri na alteneta, kumbe ugonjwa uko kwenye skrubu.

Kabla hujanunua, fungua kikasha. Skrubu ziwe za chuma zinazokaza bila kuteleza, tundu la kuingizia waya litoshe waya wako, na mfuniko ukae vizuri vumbi lisiingie. Tikisa. Kikigongana ndani kama njuga, kiache.

Hatua ya 6: Vilivyobaki kwenye boksi

Waya mweusi wa ethi, unaorudisha umeme kupitia bodi ya gari, uwe na unene sawa na mwekundu. Baadhi ya seti huweka mwekundu mnene na mweusi mwembamba wakitegemea kwamba hutaangalia. Umeme unaoenda ni ule ule unaorudi.

Waya za RCA za kwenye seti rahisi zinatosha kwa watu wengi. Na ukumbuke, kama umebaki na redio ya asili iliyokuja na gari kutoka Japani, huenda haina matundu ya RCA nyuma, na amplifaya nyingi zinakubali waya za spika moja kwa moja. Katika hali hiyo usilipie RCA, tafuta seti isiyo nazo.

Waya mwembamba wa buluu ni wa rimoti, unaiamsha amplifaya redio ikiwashwa. Wowote unafaa. Kwenye redio mpya unaungwa na ule wa buluu wenye mstari mweupe. Waya za spika zilizomo mara nyingi ni nyembamba mno kwa sabufa. Nunua mita mbili tatu za milimita 2.5 zenye nyuzi laini.

Raba ya tundu, vibanio vya plastiki na bomba laini la kuvalisha waya ni vitu vidogo, lakini raba ya tundu usiikose. Waya mwekundu unaopita kwenye bati bila raba utakwanguliwa, ni suala la muda tu.

Hatua ya 7: Kama seti ya maana hupati, ijenge

Hii ndiyo njia ninayowashauri wenye pesa kidogo kweli. Nenda duka la vifaa vya ujenzi wanakouza waya wa mashine ya kuchomelea kwa mita. Mafundi mageti wako kila mtaa Dodoma, kwa hiyo waya huo haukosekani. Omba milimita 16 au 25 za mraba. Una nyuzi nyembamba nyingi sana, unakunjika kama kamba, na mara nyingi ni shaba tupu, ila pima kwa wembe kama kawaida, siku hizi hata humo aluminiamu imeingia. Ya 25 ni nene kuliko geji 4.

Nunua mita ulizopima kwa kamba na mita moja ya ethi kutoka kwenye waya huo huo, ncha za ule unaotoka betri uzizungushie tepu nyekundu ili fundi mwingine asichanganye kesho. Kwenye injini uvalishe bomba laini, maana baadhi ya maganda yake ya mpira hayapendi mafuta. Kikasha cha fyuzi bapa nunua peke yake, kizuri. Lagi za shaba za kubana, yaani vichwa vya kuvalisha ncha za waya, nunua nne. Yule kijana nilimfungia hivyo: milimita 25, fyuzi bapa ya 60 kwa amplifaya yenye fyuzi mbili za 30, RCA na rimoti nikamwachia zile zile za zamani. Gharama yote haikufika ya betri aliyokuwa ameambiwa anunue.

Usichukue waya mgumu wa nyumba. Nimeuona umefungwa kwenye daladala, milimita 2.5 mbili zimesokotwa pamoja. Nyaya zile zimetengenezwa zikae ukutani zisitikisike. Kwenye gari zinakatika ndani ya ganda bila wewe kuona.

Hatua ya 8: Ukiagiza kutoka Kariakoo

Bei ya huko huwa inavutia, na mzigo unaupokea stendi ya Nzuguni kesho yake. Shida ni kurudisha, kwa sababu nauli ya mzigo kwenda na kurudi inakula faida yote. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, mwombe muuzaji akurushie video fupi: seti iko juu ya mizani namba inaonekana, kisha ncha ya waya imechunwa na kukwaruzwa. Mwambie pia ataje fyuzi ni ya kioo au bapa. Maneno yawe kwenye ujumbe wa maandishi, siyo kwa simu tu.

Hatua ya 9: Kufunga, kisha kupima

Kwanza ondoa waya hasi wa betri. Fyuzi iwe ya mwisho kuingia. Mwekundu upite upande mmoja wa gari na RCA upande mwingine, vinginevyo unaweza kusikia mluzi unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini. Ethi ifungwe kwenye bati la bodi, chini ya mita moja kutoka kwenye amplifaya, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae. Bolti za mikanda ya usalama usiziguse.

Kama waya ni aluminiamu, chuna ncha na uifunge hapo hapo, usiiache wazi hadi kesho, kwa sababu aluminiamu ikikutana na hewa inajivika utando usiopitisha umeme. Ikishakazwa, paka grisi kidogo juu kuzuia hewa na vumbi. Na baada ya wiki moja kaza tena skrubu zote, maana aluminiamu ikibanwa hujipanga upya na kulegea. Wengi wanafungiwa vizuri, hawarudi kukaza, na mwezi wa tatu tangu kufungiwa kikasha kinaanza kunuka.

Siku ya kwanza, washa injini, piga muziki wako wa kawaida kwa sauti ya juu dakika 20. Gusa kikasha cha fyuzi, gusa ncha za waya kwenye amplifaya, gusa ethi. Vuguvugu si tatizo. Pakikuunguza, fungua upatazame. Kisha chukua mita ya umeme, pima volti kwenye betri na kwenye amplifaya besi ikiwa inapiga. Tofauti ikizidi nusu volti, rudi kwenye miungano kabla ya kulaumu kingine. IST ya Nkuhungu ilisoma 13.9 kwenye betri na 13.6 kwenye amplifaya, kijana amekaa kiti cha nyuma na mkono juu ya sabufa, taa za mbele zimetulia.